Nyumba moja, hesabu mbili: mali ya ndoa kwenye talaka na kwenye mirathi

Chukua nyumba ya vyumba vitatu Chanika, Dar es Salaam, thamani yake shilingi milioni 96. Mume na mke wameijenga kwa miaka kumi na moja, msingi mwaka huu, lenta mwaka kesho, bati pale kikoba kilipovunjwa. Hati ina jina la mume peke yake. Wana watoto wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Wazazi wa mume walishatangulia mbele za haki. Sasa ndoa imefika mwisho. Mke anapata shilingi ngapi?

Inategemea imeishia wapi. Ikiishia mahakamani kwa talaka, mke anayethibitisha mchango wake anaweza kutoka na hadi nusu, yaani milioni 48. Ikiishia makaburini, na mume hakuacha wosia, hesabu ni nyingine. Mirathi ya Kiislamu inampa mjane thumni (sehemu moja ya nane), milioni 12; mtoto wa kiume anachukua 56 na wa kike 28. Angekuwa na mke mwenza, hiyo hiyo 12 wangegawana sita sita. Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika kwetu Tanzania kwa Wakristo waliokwisha kuachana na maisha ya kimila, inampa theluthi, milioni 32, na watoto wanapata 32 kila mmoja bila kujali jinsia. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba hazimpi fungu: riziki yake ni kutunzwa na wanawe, na mtoto wa kiume wa kwanza ndiye mwenye daraja la juu la urithi.

Kwa nyumba ile ile, basi, aliyeachika anaweza kuondoka na mara nne ya aliyefiwa. Ukishaelewa kwa nini, ugomvi mwingi wa familia hautakushangaza tena, na utajua karatasi zipi uzishughulikie mapema.

(Yote yanayofuata ni ya Tanzania Bara. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haivuki bahari. Zanzibar ndoa na mirathi za Waislamu ziko chini ya Mahakama ya Kadhi.)

Maswali mawili tofauti

Mgawanyo wa mali kwenye talaka unatoka kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Kifungu hicho kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na kinafanya kazi pale tu mahakama inapotoa talaka au amri ya kutengana. Hakimu huangalia mila za jamii ya wanandoa, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hapo anatakiwa aelekee kwenye usawa. Kuelekea si kufika: nusu kwa nusu haiji yenyewe, na wapo wanaotoka na asilimia 30 au 20 kwa sababu ushahidi wao uliishia kwenye maneno ya mdomo.

Kazi za nyumbani ni mchango. Hilo lilikwisha kuamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Wengi hulitaja shauri hilo bila kulisoma hadi mwisho, maana Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufani yake: mahakama ilikubali kanuni, kisha ikaangalia fedha alizokwisha kupewa na mumewe na jinsi zilivyotumika. Kanuni unayo; bado unatakiwa uonyeshe mchango wako na ulikokwenda.

Mahakama ya mirathi haigusi kifungu cha 114. Yenyewe ina maswali mawili, tena kwa mpangilio. La kwanza: mali ya marehemu ni ipi? La pili: warithi ni nani na mafungu yao ni yapi? Wajane wengi hupoteza nguvu zote kwenye swali la pili, wakipigania thumni iwe theluthi, wakati nafasi yao iko kwenye la kwanza. Sehemu ya nyumba ambayo mjane anaweza kuthibitisha kuwa ni yake si mali ya marehemu, na haipaswi kuingia kwenye orodha ya mirathi. Akithibitisha nusu, kinachorithiwa ni milioni 48 tu, na thumni yake ya milioni sita inakuja juu ya 48 zake. Jumla ni 54.

Msingi wa hoja hiyo upo. Sheria ya Ndoa inasema ndoa haihamishi umiliki wa mali ya mtu. Inasema pia kwamba mali iliyonunuliwa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake hadi ithibitishwe vinginevyo, na iliyo kwa majina yote mawili huchukuliwa kuwa ya sawa kwa sawa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, inakwenda mbali zaidi: ardhi ikiwa kwa jina la mwanandoa mmoja, lakini mwenzake akawa ameitunza, ameilima au ameiendeleza kwa jasho lake, huyo naye anapata maslahi ndani yake. Hoja hii ipelekwe kwenye shauri la mirathi mapema, kabla orodha ya mali haijapokelewa. Ukingoja mpaka mgao usomwe, utakuwa unabomoa ukuta uliokwisha kupigwa lipu.

Mstari wa shahidi

Ushahidi wenyewe ni upi? Viwanja vingi vinanunuliwa kwa mkataba wa mauziano ulioandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ukagongwa mhuri, ukatiwa sahihi na muuzaji, mnunuzi na mashahidi. Uchukue mkataba huo uuangalie chini. Mara nyingi jina la mke lipo, ila liko kwenye mstari wa shahidi upande wa mnunuzi. Siku ya manunuzi ilionekana heshima. Miaka kumi na tano baadaye ndugu wa mume wanautoa kwenye bahasha na kuuliza: kama alikuwa mnunuzi, mbona aliweka sahihi kama shahidi? Kurekebisha ni rahisi kabla fedha hazijahesabiwa, kwa kuandika "wanunuzi" na majina mawili. Baada ya hapo kazi inakuwa ngumu.

Kama mkataba umeshaandikwa jina moja, kusanya vingine: stakabadhi za tofali, nondo na saruji zenye jina lako, daftari la kikoba au taarifa ya mkopo wa SACCOS inayoonyesha tarehe na kiasi, miamala ya simu uliyomlipa fundi. Fundi mwenyewe ni shahidi mzuri kuliko mjomba, kwa sababu anakumbuka nani alikuwa anamlipa Jumamosi. Mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa haiko nje moja kwa moja. Kama imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za wote, nayo huingia kwenye mgawanyo.

Kuna pia namna mbili za kuandikisha majina mawili kwenye hati, na tofauti yake huonekana siku ya msiba. Umiliki wa pamoja maana yake mmoja akifa, mali yote inabaki kwa aliye hai na haiingii kwenye mirathi. Umiliki wa hisa maana yake kila mmoja ana sehemu yake, na sehemu ya aliyefariki inakwenda kwa warithi wake. Mwenye watoto wa ndoa mbili tofauti afikirie vizuri kabla ya kuchagua ule wa kwanza.

Kwenda kudai talaka

Ndoa isiyofikisha miaka miwili haipelekwi mahakamani kwa talaka bila ruhusa maalumu. Baada ya hapo, hatua ya lazima ni baraza la usuluhishi la ndoa: lipo kwenye kata, na yapo ya kidini yaliyotambuliwa, kama ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) na ya makanisa. Baraza huwaita wote wawili, huwasikiliza, na likishindwa hutoa cheti, Fomu Na. 3, kinachosema usuluhishi umeshindikana. Cheti hicho kiambatane na madai ya talaka, na kisiwe kimepita miezi sita tangu kitolewe.

Mashauri mengi hufia hapa. Baraza linaandika barua ya mistari minne, "tumeshindwa, tunawaruhusu waende mahakamani", bila kuonyesha kwamba mwenzi wa pili aliitwa na kusikilizwa. Mahakama ya mwanzo inapokea, talaka inatolewa, nyumba inagawanywa, rufani inapanda, na huko juu mwenendo mzima unafutwa kwa sababu madai yalifunguliwa kabla ya wakati wake. Miaka minne imekwenda na watu wanarudi kuanza upya. Kabla hujaondoka kwenye baraza soma cheti: majina ya wote wawili, tarehe waliyosikilizwa, na kauli ya wazi kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha. Sheria inaachia mazingira machache ya kwenda bila cheti, kwa mfano mwenzi aliyekutelekeza na hujui aliko, aliyeko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, aliyefungwa miaka mitano au zaidi, au mwenye ugonjwa wa akili usiopona.

Mahakamani swali ni kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kifungu cha 107 kinataja baadhi ya dalili: uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa makusudi miaka mitatu au zaidi, kutengana kwa hiari muda kama huo, kubadili dini. Kwa ndoa ya Kiislamu kuna njia fupi, lakini ina mpangilio wake: baraza kwanza lithibitishe kushindwa, kisha ndiyo talaka itamkwe au iandikwe kwa mujibu wa sharia, kisha mahakama itoe amri. Wengi huanza na talaka, halafu wanakwenda barazani kutafuta karatasi ya kuihalalisha. Talaka iliyotamkwa nyumbani, hata mara tatu, haivunji ndoa mbele ya sheria ya Bara mpaka mahakama iseme.

Watoto: kuna dhana kwamba mtoto chini ya miaka saba akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa. Urithi wao kwa baba na mama hauguswi na talaka.

Kutengana si talaka

Mume na mke wa ndoa ya kanisani wameachana kwa maneno mwaka 2009. Mke karudi kwao Moshi, mume kabaki Dar es Salaam, kaishi na mwanamke mwingine miaka kumi na mbili, wamejenga, wamezaa. Hakuna aliyekwenda mahakamani. Mume anafariki. Mjane ni nani?

Ni yule wa Moshi. Ndoa ya kanisani ni ya mke mmoja, na inaendelea hadi kifo au amri ya mahakama. Muda wa kukaa mbalimbali hauiui. Wa Dar es Salaam atategemea dhana ya ndoa, kifungu cha 160, inayowatambua watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana na jamii kama mume na mke. Dhana hiyo haiwezi kusimama wakati mmoja wao bado yumo kwenye ndoa ya mke mmoja. Anaweza kujikuta mgeni kwenye nyumba aliyoipaka rangi mwenyewe. Watoto wake ni suala lingine: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kunyimwa kufaidi mali ya mzazi wake kwa kiasi cha haki. Kwa Waislamu mtoto wa nje ya ndoa harithi kwa baba kwa mafungu ya sharia, kwa hiyo baba anayemjali amwachie kwa wosia au ampe hiba (zawadi) angali hai, na hiba ikabidhiwe kweli, isibaki ahadi.

Kama mmefikia kuachana, nendeni mkaachane kisheria. Na ikiwa mmoja anafariki wakati shauri la talaka bado linaendelea, shauri linakufa naye. Aliyebaki anageuka mjane au mgane, na hesabu inahamia kwenye mirathi.

Kufungua mirathi

Kosa la kwanza ni kukosea mahakama. Mahakama ya mwanzo inasikiliza mirathi pale tu sheria inayotumika ni ya mila au ya Kiislamu. Mkristo aliyezaliwa mjini, akaoa kanisani, akalea wanawe bila kufuata mila za ukoo, mirathi yake huangukia Sheria ya Urithi ya India na huenda mahakama ya juu zaidi: Mahakama Kuu, au mahakama ya wilaya kwa mirathi zilizo ndani ya mamlaka yake. Kipimo ni mtindo wa maisha wa marehemu na nia aliyoionyesha, wala jina la ubatizo pekee halitoshi. Ukienda mahakama ya mwanzo kwa sababu iko jirani, mrithi mmoja aliyenuna ana sababu tayari ya kufuta kila kitu.

Kinachohitajika kwanza ni cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kisha familia hukaa kikao cha ukoo, mara nyingi baada ya arobaini, na kuandika muhtasari: marehemu ni nani, aliacha nani, anapendekezwa nani kuwa msimamizi. Mahakama huupa muhtasari uzito lakini haifungwi nao. Msimamizi si lazima awe baba mdogo wala mtoto wa kwanza wa kiume; mjane anafaa kabisa. Maombi hufunguliwa kwenye mahakama ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu, kwa Fomu Na. 1 kama ni mahakama ya mwanzo. Linatolewa tangazo, mwenye pingamizi anasikilizwa, msimamizi anateuliwa.

Kuanzia hapo saa inahesabu. Katika mahakama ya mwanzo msimamizi ana miezi minne kuleta Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni, kisha anatoa hesabu kwa Fomu Na. 6. Katika mahakama za juu ni miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Madeni na gharama za mazishi hutangulia mgao. Msimamizi hamiliki chochote kwa kuwa msimamizi, hata hati ikihamishiwa jina lake: anashika kwa niaba ya warithi. Anayeuza kiwanja kisha akasema "mahakama ilinipa" amesahau kwamba alipewa kazi, hakupewa mali. Warithi wanaoona miezi inapita bila Fomu Na. 5 waandikie mahakama kuomba aitwe, na akizembea waombe uteuzi wake utenguliwe. Wanaonyamaza kwa kuogopa kuvunja undugu ndio wanaokuta mirathi ina miaka kumi na minne na shamba lina wamiliki watatu.

Kuhusu kanuni za mila kumnyima mjane: wajane wawili wa Shinyanga walizipinga Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikataa kuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia CEDAW, mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, ilisema haki zao zilivunjwa. Ukiwa na mume anayefuata mila, usingoje zibadilike. Mwombe aandike wosia.

Wosia unaosimama

Kila mfumo una masharti yake, na wosia mwingi huanguka kwa mashahidi kabla ya kufikia maudhui. Kwa sheria ya mila, wosia wa maandishi uandikwe kwa wino au mashine, uwe na tarehe, na ushuhudiwe na wanaojua kusoma na kuandika: wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, ikiwa mwenye kuusia anajua kusoma na kuandika. Ikiwa hajui, ni wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa mdomo nao unahitaji wanne kwa mgawanyo huo huo. Ukitaka kumnyima mtoto, useme wazi na utaje sababu, na sababu zenyewe ni nzito, kama kujaribu kukuua au kukutelekeza kwenye njaa na ugonjwa. "Hanisikilizi" haitoshi.

Kwa Muislamu, wosia usizidi theluthi ya mali baada ya madeni, wala usimwongezee mrithi mwenye fungu lake isipokuwa wenzake wakubali. Theluthi hiyo inamfaa asiyerithi: mke asiye Muislamu, mtoto wa kulea, mjukuu ambaye mzazi wake alitangulia. Kwa wa Sheria ya Urithi ya India, wosia uwe na sahihi yako na mashahidi wawili, na shahidi asiwe mnufaika wala mwenzi wa mnufaika. Akishuhudia, wosia unasimama lakini yeye anapoteza alichoachiwa. RITA huandika na kuhifadhi wosia, jambo linaloondoa ile hadithi ya bahasha iliyopotea kwenye kabati la marehemu kati ya msiba na kuanua tanga.

Baada ya talaka kutoka

Hukumu iliyofungiwa sandukuni haijabadilisha jina kwenye hati. Chukua nakala za hukumu na amri zilizothibitishwa na mahakama, sajili talaka RITA, kisha omba uhamisho kwa Msajili wa Hati kwa sehemu uliyopewa. Kama nyumba iko rehani, zungumza na benki kabla hujakubali kuichukua, maana deni huja na nyumba. Badilisha majina ya wanufaika kwenye mfuko wa pensheni, bima na kazini. Na jina la ndugu wa karibu uliloandika benki si urithi. Ni la kupigiwa simu tu, fedha zenyewe zitasubiri msimamizi.

Wosia uutazame mwisho ukiwa na utulivu. Chini ya Sheria ya Urithi ya India, kuoa au kuolewa hufuta wosia uliotangulia, kwa hiyo anayefunga ndoa ya pili aandike upya hata kama ule wa zamani ulikuwa mzuri. Talaka haina nguvu hiyo. Wosia unaomtaja mke wa zamani kwa jina unabaki hai mpaka mwenyewe auchane kwa nia ya kuufuta, au aufute kwa maandishi yenye mashahidi.